Kabla Hujapanda Mkoko Hata Mmoja: Tuliyojifunza Kriki ya Tudor

Kama miezi miwili hivi iliyopita kijana mmoja wa upande wa Mtwapa alinipigia simu, ana kikundi cha watu ishirini na kitu, miche wanayo, tisheti zishachapishwa, alichotaka kwangu ni kuambiwa tu mche na mche waachane hatua ngapi. Nikamuuliza, hapo mnapotaka kupanda, siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanafika wapi? Akanyamaza. Na mimi nilinyamaza hivyohivyo nilipoulizwa swali hilo mara ya kwanza, na kunyamaza kwangu kuligharimu miche elfu tano, ndo maana nimeona nikae niandike haya yote mahali pamoja.

Mimi nakaa Jomvu. Msitu ninaouzungumzia ni ile mikoko ya kriki ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara hapa hapa Mombasa. Ukisema msitu watu hufikiria Shimba Hills ama Mlima Kenya, lakini mikoko nayo ni msitu, na kisheria ni msitu wa serikali toka zamani, tangazo la kuihifadhi lilitoka 1932 enzi za mkoloni. Kenya nzima tuna karibu hekta 61,000 za mikoko na zaidi ya nusu iko Lamu, kwa hivyo huu wetu ni kipande kidogo na kimeteseka sana, maji machafu ya mji yanashukia humo, kuni zinakatwa humo, taka za plastiki zote zinaishia humo. Wazee wa huku bado wanasimulia 1988 mafuta yalipomwagika upande wa Makupa mikoko ikafa, na El Niño ya 1997 na 1998 ilipoleta tope jingi Mwache mpaka miti ikazikwa mizizi ikakosa pumzi.

Sasa nirudi kwa ile miche elfu tano.

Mwaka wetu wa kwanza kampuni moja ilikuja na pesa na wapiga picha, wakataka miche 5,000 ipandwe siku moja, tarehe 26 Julai, siku ya mikoko duniani. Sisi tulifurahi jamani, nani angekataa? Sehemu iliyokuwa wazi na rahisi kufika ni ule uwanda wa tope mbele ya msitu, upande wa maji, mtu akiangalia anasema hapa pako tupu basi ndo pa kupanda. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi pembeni anatengeneza dema lake, ule mtego wa samaki, nikamwamkia, akaitikia alafu akasema, "Mwanangu, hapo hapajaota kitu toka nizaliwe. Mngeuliza." Nikamjibu kwa adabu, "Tutajaribu mzee wangu," tukaendelea. Tulipanda, tukapigwa picha, tukala pilau, kila mtu akaenda kwake.

Baada ya miezi mitatu tulirudi kuhesabu. Iliyosimama haikufika mia. Mingine ilikuwa imevikwa mwani na mifuko mpaka imelala, mingine imegandwa na vile vigamba vigumu kama vya kwenye mashua, mingine imechukuliwa na maji haionekani kabisa. Nilikaa kwenye ukingo wa dau nikalia, sio siri.

Sababu nimekuja kuielewa baadaye na ndo kitu cha kwanza nataka mkishike. Mkoko unaishi na maji ya chumvi lakini haukai ndani ya maji siku nzima, unataka maji yaje na yatoke, na wakati wa kutoka uwe mrefu wa kutosha ndo mche upumue. Mikoko huota kuanzia usawa wa kati wa bahari kwenda juu mpaka yanapofika maji ya bamvua kubwa, chini ya hapo ni nyumba ya kaa na ndege na samaki wadogo, sio shamba lililosahaulika. Pale palikuwa tupu kwa sababu panatakiwa kuwa tupu. Ukiona mahali hapana mti usijiulize tupande nini, jiulize kwa nini hapana mti, na kama hujui tafuta mvuvi ama mama anayeokota chaza hapo, hao wanajua kuliko karatasi yoyote utakayopewa na mfadhili.

Na nawaelewa wanaotaka idadi. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo nchi nzima tukapande, kwa hivyo kila ofisi inataka iandike tumepanda miche kadhaa. Lakini kikundi chenu kikiingia kwenye mashindano hayo mtapanda kila mwaka mahali palepale na msitu hautaongezeka hata hatua moja. Sisi siku hizi mfadhili akija tunamwambia tutakuandikia iliyobaki hai baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, hatuandiki iliyopandwa. Wengine wameondoka kwa hilo. Waliobaki ndo wamebaki.

Kilichofanya kazi ni kitu ambacho hakina picha nzuri. Nyuma ya msitu, upande wa nchi kavu, kulikuwa na sehemu mchu, aina mojawapo ya mikoko, umekauka, miti imesimama myeupe kama mifupa, na sisi tulikuwa tumepanga kuja na miche tujaze. Yule mzee wa dema (nilirudi kwake, nikamuomba radhi, akacheka akasema kaa chini) akatupeleka mpaka kwenye mahali watu walimwaga kifusi wapitishe mikokoteni, akatuonyesha kwa fimbo, hapa palikuwa na mfereji maji yanaingia, toka wameziba maji ya bamvua hayafiki, na ya mvua yakiingia hayatoki. Yani miti ilikuwa imekufa kwa kiu na kwa kuzama kwa wakati mmoja. Tukaenda kwa afisa wa KFS, lile shirika la misitu la serikali, tukaandika barua, tukakubaliwa, alafu tukachimba ule mfereji kwa majembe na karai, watu kumi na wawili, bamvua mbili. Hatukupanda kitu chochote hapo. Msimu uliofuata mbegu za mchu zikaja zenyewe na maji, zikashika, na leo kuna miche inanifika kiunoni ambayo hakuna mtu aliyeipanda.

Kwa hivyo mkiuliza kazi ya kujitolea msituni ni nini, kwetu sehemu kubwa ni kuzibua, kutoa taka, kuzuia mbuzi wasile machipukizi ya mchu, kupita na kuangalia. Kupanda ni kazi ya siku chache kwa mwaka na ni kwa pale tu ambapo maji yako sawa lakini mbegu hazifiki.

Na mkipanda jueni mnapanda nini. Hapa Kenya tuna aina tisa na kila moja ina mahali pake, mlilana ndo unasimama mbele kabisa kwenye maji, nyuma yake mkoko wenyewe ule wa mizizi inayoshuka kutoka shinani na kuubeba mti kama miguu, kisha muia, mkandaa, na mchu ambao utaukuta mbele na nyuma kote, huu ndo wenye mizizi inayochomoza kama penseli. Watu wengi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota, unaichoma kwenye tope theluthi yake na imekwisha. Sio kila tope ni la mkoko. Mbegu msikwanyue mbichi, ile iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda na ukiishika inaachia yenyewe, na hata zilizoanguka zichagueni maana kaa hutoboa nyingi. Mbegu za mchu zioteshwe haraka, hazikai siku nyingi. Mlilana ni kazi ya subira, tunda moja lina vijimbegu vingi vidogo na kitalu chake kinataka mtu wa kukaa nacho, sisi mara mbili tumeshindwa na bado tunajaribu.

Kalenda yenu iwe ni mwezi. Hili nalisema sana kwa vijana wa mjini waliozoea kupanga kila Jumamosi saa mbili. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hukupwa kama saa nne asubuhi na yanaenda mbali, unapata muda mzuri wa kufanya kazi. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua na bamvua, hayatoki vya kutosha, mtaingia kwenye tope lenye maji na mtarudi mmechoka bila kazi. Tunatuma ratiba kwenye watsapu mwanzo wa mwezi na hatubadilishi kwa ajili ya mgeni yeyote, awe mkubwa kiasi gani. Mtu mmoja kazi yake ni kuangalia maji tu, yakianza kurudi anapiga firimbi na wote wanatoka, hata kama mmebakisha miche mitatu, kwa sababu kriki huwa inajaa nyuma yako kwanza kabla hujaiona mbele. Vaeni viatu vya zamani vya kufunga kwa kamba, malapa yatabaki kwenye tope na ile mizizi ya mchu pamoja na vigamba vya chaza vinakata mguu vibaya.

Sasa mambo ya watu, ambayo ndo magumu zaidi. Mwanzo tulikuwa tunaona mtu yeyote mwenye panga ni adui. Kuna siku tuliwakamata akina mama wawili na mizigo ya kuni tukawapigia makelele mbele za watu, na mmoja wao alikuwa mama karanga wa mtaani kwetu, ambaye nimekula samaki wake toka nikiwa shule ya msingi. Alinitazama akasema, "Haya mwanangu, na mimi nikaange kwa kuni gani?" Sikuwa na jibu, na kwa miezi mtaa mzima ulituona sisi ni watu wa kutafuta sifa. Tulienda nyumbani kwake, tukaomba msamaha, tukakaa na akina mama wote wa kukaanga samaki, na kutoka hapo ndo tukajua kuwa wao huchukua zaidi matawi makavu, wanaokata miti mibichi usiku ni watu wengine kabisa, wa boriti na wa kupikia pombe, na akina mama walikuwa wanawajua kwa njia wanazopita. Tulisaidiana kupata majiko yanayokula kuni kidogo, tukapanda mivinje na mikilifi huku juu kwenye vipande vya watu kwa ajili ya kuni. Leo wanne kati yao ni wanachama na ndo macho yetu.

Lakini msimkabili mtu anayekata usiku. Nyinyi sio askari. Pigeni picha kwa mbali, andikeni mahali na saa, mpigieni askari wa misitu, basi. Kuna mwenzetu alimfuata mtu peke yake na akarudi na jeraha la mkono, na toka siku hiyo hatuendi doria chini ya watu watatu wala baada ya magharibi.

Kwa sheria, jiandikisheni kama chama cha jamii cha misitu, ile CFA, chini ya sheria ya misitu ya 2016, ama muingie kwenye kilichopo. Inachukua muda, kuna mikutano mingi na karatasi, saa zingine mnakata tamaa, lakini bila hiyo siku mtu akija na hati ya kiwanja mtakuwa mnasema maneno tu. Na BMU, kile chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, muwashirikishe kutoka siku ya kwanza, msiwaite siku ya sherehe.

Pesa. Kila kikundi kipya kinaniuliza habari za kaboni, yani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi, kwa sababu wamesikia ya Gazi kule Kwale. Ni kweli, mradi wao wa kaboni wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, vijiji viwili vya Gazi na Makongeni, hekta 117, na wamepata maji na vifaa vya shule kutokana nayo. Lakini pale watu na watafiti walikuwa wanapanda na kupima toka miaka ya 1990, baada ya msitu kukatwa vibaya miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Msiwaahidi watu wenu kaboni. Sisi kinachotuingizia kidogo ni mizinga ya nyuki, maua ya mchu yana asali nzuri na nyuki wenyewe ni walinzi, mtu wa panga hasogei. Hela yote inapita kwenye laini moja ya chama, watu watatu wanaona meseji, na kila mwisho wa mwezi inasomwa mbele ya wote mpaka shilingi ya sabuni.

Na muwalishe watu. Chai na mahamri kabla ya kuingia, chakula mkitoka, nauli kwa anayetoka mbali. Mtu kujitolea haina maana hana njaa. Tulipoteza vijana wazuri sana mwaka wa pili kwa sababu tulidhani mapenzi ya msitu yanatosha.

Yule kijana wa Mtwapa nilimwambia aweke miche kivulini, aende akakae na wavuvi wa pale, achome vijiti kwenye tope kila mahali maji yanapofika, aangalie mpaka bamvua mbili zipite. Alinuna kidogo, niliisikia kwenye simu. Jana usiku kanitumia picha, vijiti vinane vimesimama kwa mstari kutoka majini mpaka juu, na karibu na kijiti cha sita kuna miche mitatu ya mchu imeota yenyewe. Ameandika chini yake, "Dada, hii ilikuwepo siku zote na tulikuwa tumeikanyaga."