Uliza Fundi wa Sauti: Je, Metallica Walistahili Kufunga Jumamosi ya Glastonbury?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni shabiki wa Metallica, kundi la hevi metali la Marekani, tangu nikiwa sekondari. Binamu yangu anashikilia kwamba waandaaji wa Glastonbury, lile tamasha kubwa la muziki kule Uingereza, walipotoka mwaka 2014 walipowapa Jumamosi usiku kwenye jukwaa kuu. Ana hoja mbili. Kwanza, hevi metali si muziki wa umati mchanganyiko. Pili, James Hetfield, mwimbaji wao, alikuwa msimulizi wa kipindi cha televisheni cha kuwinda dubu kule Alaska, na tamasha lile linajulikana kwa kutetea mazingira. Mimi naona walifaa kabisa, lakini kila nikitaka kueleza sababu naishia kusema "jamaa ni wakali." Nipe hoja za maana.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Binamu yako ana haki ya kukataa hilo la "ni wakali." Wakali wengi wamepanda majukwaa makubwa, na nusu saa baadaye watu wakaanza kurudi kwenye mahema yao. Mimi nakubaliana nawe kwamba walifaa, ila sababu yangu si ile ambayo mashabiki wa Metallica huitaja. Na hoja ya dubu usiipuuze. Nitaifikia.

Kwanza fikiria kinara wa tamasha, yaani anayefunga usiku kwenye jukwaa kuu, anapewa kazi gani. Kwenye shoo yako mwenyewe, kila aliyekata tiketi kakufuata wewe. Glastonbury tiketi huuzwa miezi mingi kabla, wakati majina mengi hayajatangazwa. Kwa hiyo umati unaouona pale shambani Worthy Farm, Somerset, umelifuata tamasha lenyewe. Saa ileile ambayo wewe uko jukwaani, kuna majukwaa mengine yanaunguruma na mtu anaweza kukuacha akaenda zake bila kuona hasara yoyote. Wale walioganda mbele wakiwa na fulana zako wameshakuwa wako. Kazi iko kwa yule aliyesimama nyuma kabisa, anayejua labda nyimbo zako mbili, na miguu inamuuma tangu asubuhi.

Sasa niongee kama mtu aliyefanya kazi nyuma ya meza ya sauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 340 kutoka jukwaani anamwona mpiga dramu akishusha fimbo, halafu anasikia pigo sekunde nzima baadaye. Ndiyo maana uwanja mkubwa huwekewa minara ya spika katikati ya watu, na spika hizo huchelewesha sauti kwa makusudi ili ziende sawa na ile inayotoka jukwaani. Hata ukipima vizuri namna gani, hazilingani kila mahali. Upepo nao ukigeuka, sauti nyembamba zinapeperuka na kubaki mvumo wa chini. Chukua sasa hevi metali ya kasi, ile ambayo mpiga dramu anatumia miguu yote miwili kupiga ngoma ya chini kama bunduki. Mbele pale inakupiga kifuani, safi kabisa. Nyuma kule mapigo yanapandana, pigo la pili linafika kabla la kwanza halijaisha, na unabaki na mngurumo usio na umbo.

Kwa hiyo binamu yako amegusa jambo la kweli bila kujua. Kuna hevi metali ambayo uwanja mpana unaimeza. Lakini Metallica walishalipatia dawa tatizo hilo zamani sana. Mwaka 1988 walitoa albamu yenye nyimbo ndefu zilizojaa kona, na wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika kumi. Walipozunguka nao duniani waliona wenyewe, wakiwa jukwaani, kwamba watu wanachoka. Walipoingia studio na prodyuza Bob Rock kutengeneza albamu ya 1991, ile yenye jalada jeusi, walifupisha nyimbo, wakapunguza kasi na kuacha nafasi kati ya pigo na pigo. Sikiliza "Sad but True." Magitaa yameshushwa, ngoma inatembea taratibu, na kila pigo linapata muda wa kufika hadi nyuma ya uwanja kabla jingine halijaanza. Huo ni muziki uliotungwa na watu waliokwisha kutazama nyuso za umati mkubwa na kuelewa walichokiona.

Halafu rudia mwanzo wa "Enter Sandman," usikilize kama hujawahi kuusikia. Gitaa moja, tulivu, linazungusha kimelodi kilekile. Ngoma zinaingia kwa chini, kama mtu anayekuja kutoka mbali. Besi inaungana nazo. Gitaa la pili linaongezeka, linakuwa zito, linakuwa zito zaidi, na inakaribia dakika nzima kabla kundi zima halijashuka kwa pamoja. Yule wa nyuma ameutambua wimbo kwenye noti za mwanzo kabisa. Anapata muda wa kumshika rafiki yake mkono, wa kugeuka kama alishaanza kuondoka, na wa kujiandaa. Mlipuko unapokuja, umati mzima unaruka pamoja, kwa sababu kila mtu alipewa nafasi ya kufika. Nimeitazama sehemu hiyo ya shoo yao ya tarehe 28 Juni 2014 kwenye matangazo ya BBC mara nyingi, na huwa siangalii jukwaa. Huangalia kamera inapopita juu ya watu kule mbali. Wanaimba. Mtu asiyependa hevi metali hata kidogo anaimba.

Na hawakujilainisha ili wapendwe. Walifungua na "Creeping Death" ya mwaka 1984 na kufunga na "Seek & Destroy" kutoka albamu yao ya kwanza ya 1983, nyimbo za mashabiki wa damu hizo. Katikati ndipo walipoweka zile za 1991. Kwangu mimi huo ndio upangaji wa kinara: unawaonyesha watu wewe ni nani, unawapa wanachokijua, kisha unawaaga ukiwa bado wewe uleule.

Sasa dubu.

Walioanzisha kampeni kwenye Facebook wakitaka Metallica waondolewe hawakuwa maadui wa muziki, na sipendi mashabiki wanavyowabeza. Glastonbury si tamasha la burudani tupu. Miaka ya 1980 lilichangia harakati za kupinga silaha za nyuklia, na kwa miaka mingi limeyasaidia mashirika ya Greenpeace, Oxfam na WaterAid. Mtu anayekwenda pale kwa sababu hiyo ana haki kabisa ya kuuliza kwa nini jukwaa kuu linapewa mtu ambaye sauti yake inasindikiza kuuawa kwa dubu. Tamasha likishasema lina dhamiri, lazima likubali kuulizwa.

Lakini kuuliza ni jambo moja na kumfukuza mtu ni jambo jingine. Uwindaji ule ni halali kule Alaska. Tamasha halikuwahi kuwawekea wasanii sharti kuhusu uwindaji. Ukianza kutunga sharti baada ya jina kutangazwa, na ukalitumia kwa kundi moja tu, hiyo si dhamiri tena. Kila kinara ana jambo lake. Mwaka 2011 U2 walipofunga Ijumaa, waandamanaji walinyanyua puto kubwa katikati ya umati kuwahoji kuhusu kodi, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa limehamishia sehemu ya biashara yake Uholanzi kutoka Ireland. Walinzi waliliteremsha. Hilo liliniuma. Puto lile lilipaswa kuachwa lielee na U2 waendelee kuimba. Tamasha la aina hiyo linaweza kubeba yote mawili, mwanamuziki jukwaani na anayempinga chini yake.

Metallica wenyewe walijibu kwa filamu fupi kabla ya kupanda. Inaanza na Waingereza kwenye farasi wakiwinda mbweha, jambo ambalo sheria ya mwaka 2004 ililipiga marufuku pale linapofanywa kwa kutumia mbwa. Mara dubu wanatokea na bunduki, wanawatandika wawindaji, kisha wanavua vichwa vyao na kumbe ni wanamuziki wenyewe. Uwanja ulicheka. Ilikuwa ya kijasiri, na ilivunja ule ubaridi uliokuwepo. Ila aliyeumia kwa ajili ya dubu halisi hakujibiwa kitu, na ningependa Hetfield angesema maneno mawili kwa mdomo wake.

Linganisha na Jay-Z mwaka 2008. Noel Gallagher alisema hadharani kwamba hip hop haina nafasi kwenye jukwaa la kinara Glastonbury. Jay-Z akapanda na gitaa shingoni, akaimba "Wonderwall" ya Oasis, kundi la Gallagher mwenyewe, huku umati wote ukimwimbia. Alikuwa amejibu kilekile alichoambiwa, tena kwa wimbo. Kisha akageukia zake na hakurudi nyuma. Kama binamu yako anasema hevi metali haifai kwa sababu si jadi ya pale, mkumbushe kwamba hip hop nayo iliambiwa hivyo hivyo miaka sita tu kabla, na leo hakuna anayeshangaa Stormzy au Kendrick Lamar kuwa vinara.

Nawe usidhani jina kubwa la roki linatosha. Mwaka 2023 Guns N' Roses walipewa Jumamosi ileile. Nyimbo wanazo, tena zinazojulikana kuliko za Metallica pengine. Lakini walipiga zaidi ya saa mbili, na katikati kulikuwa na vipande virefu ambavyo shabiki wao angevifurahia na mpita njia akachoka. Dave Grohl wa kundi la Foo Fighters alipanda mwishoni kwenye "Paradise City" na uwanja ukaamka, ila kuamka kunamaanisha palikuwa na usingizi. Kundi lenye hazina ya nyimbo namna ile lingepunguza nusu saa, lingeondoka na ushindi.

Kuna shoo moja inayonisumbua katika haya yote niliyosema, nayo ni ya Radiohead, 1997. Matope yalikuwa hadi magotini, spika za jukwaani zilikataa kufanya kazi hadi mwimbaji wao Thom Yorke akakaribia kushuka, na nyimbo nyingi zilikuwa za albamu iliyotoka mwezi uleule. Kwa vipimo vyangu ilipaswa kuanguka. Badala yake inahesabiwa kati ya shoo kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa pale. Nadhani umati ulimwona mtu anayepigana hadharani na ukaamua kusimama upande wake. Hilo huwezi kulipanga kwenye karatasi, na mwandaaji hawezi kuajiri kundi kwa kutegemea hilo.

SWALI: Fundi, Coldplay wamekuwa vinara Glastonbury mara tano. Hakuna wengine?

JIBU: Wapo. Ni kweli: 2002, 2005, 2011, 2016 na 2024, na hakuna aliyewafikia. Wanaijua kazi. Zile bangili za mwanga wanazowagawia watu zinamfanya yule wa nyuma kabisa awe sehemu ya shoo, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Lakini kumbuka walipopewa nafasi mwaka 2002 walikuwa na albamu moja tu madukani. Kuna mtu aliwaamini mapema. Kila mara wanaporudishwa, nafasi hiyo ya kuaminiwa mapema inakosa kundi jingine, na ningefurahi wakipumzishwa kwa muda mrefu.

SWALI: Ikitokea kinara kaumia dakika za mwisho, tamasha huharibika?

JIBU: Mara nyingi hapana. Mwaka 1995 John Squire, mpiga gitaa wa Stone Roses, alivunjika mfupa wa bega, wakaitwa Pulp, ambao "Common People" yao ilikuwa imetoka wiki chache tu kabla, na usiku ule uliwatoa kwenye kundi la kawaida ukawaweka juu kabisa. Mwaka 2010 Bono, mwimbaji wa U2, aliumia mgongo, wakaingia Gorillaz. Nyimbo zao si za kuimbwa na uwanja mzima, na ilionekana. Mwaka 2015 Dave Grohl alivunjika mguu jukwaani Gothenburg, Florence and the Machine wakapandishwa kutoka nafasi ya pili. Florence aliimba "Times Like These" ya Foo Fighters kwa heshima yao. Foo Fighters walipopona na kufunga Jumamosi ya 2017, Grohl alianza peke yake na gitaa, na wimbo aliouchagua ulikuwa huohuo.