Unakarabati chumba? Panga kitanda kwanza, rejeta itafuata

Watu wengi wakianza kukarabati chumba fundi bomba akiwauliza rejeta (lile bati la ukutani linalopitiwa na maji ya moto ili kupasha chumba joto) ikae wapi, wanajibu "pale pale ilipokuwa", imeisha hiyo. Jamani, msijibu haraka hivyo. Plasta ikishakauka na sakafu ikishalazwa, kuihamisha rejeta ni kubomoa upya, kwahiyo wakati wa kulifikiria hili ni pale chumba kikiwa tupu na kimechafuka, na cha kuanza nacho ni fanicha.

Sisi chumba cha kulala tuliamua kwanza kitanda kikae wapi, kabati wapi, mlango unafungukia upande gani, afu ndo tukaangalia ukuta gani umebaki. Tukakata katoni saizi ile ile ya rejeta, tukaibandika ukutani kwa selotepu, tukaiacha hapo siku kadhaa huku tunapita pita. Fanya hivyo nakuomba, maana kwenye karatasi huoni kwamba droo ya kabati ikifunguliwa inagonga, au soketi ya taa ya kitandani imeangukia nyuma kabisa ya rejeta, lakini katoni ikiwa pale ukutani unaona yote.

Sasa suala la dirisha. Toka zamani rejeta inawekwa chini ya dirisha na sababu yake ni ya kweli kabisa: dirisha la kioo kimoja linakuwa baridi sana, hewa inayoligusa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka chini na kutambaa sakafuni mpaka inakufikia miguuni ulipokaa. Rejeta ikiwa pale chini, hewa ya moto inapanda na kuizuia ile ya baridi isishuke. Kama unataka kujua dirisha lako likoje, subiri usiku wa baridi, shika kipande cha tishu chembamba pale kwenye ukingo wa chini wa dirisha, kikipepea kuja chumbani basi hewa inashuka au fremu inavuja, na hapo rejeta iache chini ya dirisha au tengeneza dirisha kwanza. Ila ukiwa na vioo viwili au vitatu na fremu imeziba vizuri, uko huru, hata ukuta wa ndani unafaa, na mi ukuta wa ndani naupenda kwa sababu joto linalopenya nyuma ya rejeta linabaki humo humo ndani ya nyumba. Ukuta wa nje weka insulesheni (kizuia joto lisitoke) kabla ya kufunga breketi za kushikilia rejeta, au walau foili ya kurudisha joto ndani.

Mapazia ndo watu wanayasahau kuliko kitu chochote. Pazia refu likishuka mbele ya rejeta, joto lote linapanda katikati ya pazia na kioo, wewe kitandani unatetemeka huku boila (mtambo unaopasha maji ya rejeta) inaunguza mafuta au gesi usiku kucha. Ama pazia liishie juu ya ukingo wa dirisha, ama rejeta ihame. Sisi tulitaka mapazia marefu kwahiyo rejeta ikaenda ukuta wa pembeni.

Sofa nayo hivyo hivyo. Rejeta za bati tambarare joto lake kubwa linatoka kwa hewa inayopita, ya baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu, sasa ukiziba huku au kule umeikaba. Acha kama sentimita 10 chini na 10 juu, na yale masanduku ya mbao ya kuifunika mi siyataki kabisa, yanapendeza lakini yanakula joto. TV juu yake, hapana.

Angalia pia ile valvu yenye namba kwenye rejeta, ya kujirekebisha yenyewe. Inapima hewa iliyo karibu nayo tu, ikibanwa kwenye kona nyuma ya pazia inadhani chumba kizima kimepata joto, inafunga maji, na chumba bado baridi.

Kitu kingine, kama una mpango wa kuja kuweka pampu ya joto (mtambo wa umeme unaovuta joto la nje kuleta ndani) badala ya boila, acha nafasi kubwa ukutani sasa hivi, maana maji yake kawaida hayawi moto kama ya boila. Zile wati zilizoandikwa kwenye rejeta kawaida zimepimwa kwa maji yenye wastani wa nyuzi 70 na chumba nyuzi 20, yaani tofauti ya 50. Maji yakiwa na wastani wa nyuzi 50, tofauti inabaki 30 na rejeta ile ile inakupa kama nusu tu ya zile wati, kwahiyo utahitaji kubwa zaidi au zenye bati nyingi, na mahali pa kuzitundika pawepo. Chumba kikubwa bora rejeta mbili pande mbili kuliko moja ndefu upande mmoja.

Ukuta wa jipsam mwambie fundi apigilie mbao ndani kabla hajafunga, maana rejeta ikijaa maji ni nzito na jipsam peke yake haiwezi. Pembeni acha nafasi mkono upite na ufunguo wa kutolea hewa uzunguke. Na kabla plasta haijapigwa, weka futi juu ya mabomba upige picha, kila ukuta, siku ya kutoboa kutundika rafu utazihitaji.