Makomredi wanataka tususie kila kitu

SWALI: Asalaam alaykum Mhariri. Mimi kijana wa Wete, tuna kikundi chetu cha kusoma mambo ya ujamaa. Sasa wenzangu wengine wanasema kura tusipige kabisa, vyama vya wafanyakazi vishanunuliwa, na wachumaji karafuu wanaodai waongezewe bei ya pishi eti wanaomba makombo, tusiwasaidie mpaka wawe tayari kwa mapinduzi. Anaewapinga anaitwa msaliti. Jee wako sawa?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Hawako sawa, na ugomvi huu ni wa zamani. 1920 Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, na huyo hakuwa mtu laini, aliandika kijitabu kizima kuwapinga makomredi wa Ujerumani, Uingereza na kwengineko waliokataa bunge na kukataa kufanya kazi ndani ya vyama vya wafanyakazi kwa kuwa viongozi wake wabovu. Viongozi wabovu sawa, lakini wafanyakazi si wamo humo humo, ukitoka unamwachia nani?

Khasa tizama Ujerumani baadae, maana pale watu walilipa kwa roho zao. Kuanzia 1928 wakomunisti walishika msimamo kwamba SPD, chama kikubwa cha wafanyakazi kilichotaka mabadiliko kwa njia ya bunge, ni ufashisti wa aina nyengine, wakawa wanapigana na wafanyakazi wenzao huku Hitler anapanda. Novemba 1932 Wanazi, chama cha Hitler, walipata asilimia 33 ya kura, SPD na wakomunisti ukiwajumlisha ni 37, wamewazidi! Lakini hawakukaa pamoja (na SPD nao wana lao, damu ya Rosa Luxemburg, kiongozi wa wakomunisti alieuliwa 1919 chini ya serikali ya SPD, haikusahaulika), Januari 1933 Hitler keshashika serikali na mwaka haujesha vyama vyote viwili havipo, watu wao wako kambini.

Hapa kwetu Zanzibar, Umma Party, chama cha kisoshalisti cha Abdulrahman Babu, 1963, walikuwa vijana wachache na wakali kweli, ila mapinduzi ya 1964 yalipokuja hawakusema hatukuyaanzisha sisi, waliingia, na Machi chama chao wakakivunja wakajiunga na ASP (Afro-Shirazi Party), chama kilichoshika serikali. Yaliyowafika baadae yana machungu yake na kila nyumba ina la kusema, mimi nazungumzia ule uamuzi wa kutokaa pembeni.

Kwa hiyo wewe nenda kwa wachumaji, dai nao hiyo bei ya pishi, na fikra zako kuhusu ardhi na nani anafaidika na karafuu usizifiche, zungumza nao hapo hapo mikarafuuni. Wenzako usiwatenge, hasira yao ina haki, wachukue mwende pamoja. Akikuita msaliti muulize ni mchumaji gani anaemjua kwa jina.