Re: Reli ya bustanini, kona za sentimita 60 zinatosha?

Ndugu, umeuliza kama uwanja wa mita 6 kwa 4 unatosha kwa treni ya skeli ya G (treni kubwa za mfano za bustanini), na kama utumie kona za R1. Uwanja unatosha. Kona ndizo zitakazokutesa.

R1 ina nusu kipenyo cha sentimita 60. Injini fupi ya magurudumu manne inapita vizuri, lakini behewa refu la abiria linachomoza pembeni, kiungo kati ya mabehewa kinavuta upande, na behewa jepesi la katikati linaacha reli. Nunua R3 (nusu kipenyo cha milimita 1195): vipande 16 vya kona na 20 vilivyonyooka vya sentimita 30, kumi kila upande. Utapata mzunguko wenye urefu wa karibu mita 5.4 na upana wa 2.4, pamoja na nafasi ya kutembea.

Usilaze reli juu ya udongo mtupu, mvua itauhamisha. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 15, jaza kokoto, shindilia, kisha weka chenga za mawe zenye kingo kali. Za mtoni ni duara, zinabingirika. Pima usawa kwa pimamaji kutoka reli moja hadi nyingine, hasa konani. Usiifunge reli kwenye zege: reli ya shaba nyeupe ya mita 10 hurefuka kama milimita 6 joto likipanda kwa nyuzi 30, nayo ikibanwa hupinda.

Mwisho, peleka umeme sehemu mbili zinazotazamana. Viungo vya reli vikilegea, treni huzubaa upande wa mbali.