Ukivuka mpaka, sema unatumia dawa gani

Kazi yangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ni kutafsiri kati ya wauguzi na wagonjwa wanaosema Kiswahili. Wengi wametoka Kivu Kaskazini, Kongo, wakapita mpakani Bunagana na kulala kituo cha mapokezi cha Nyakabande, Kisoro, kabla ya kuletwa huku. Jeraha la risasi kila mtu huliona na kulikimbilia. Wanaoniumiza moyo ni wale walioishiwa dawa za kifua kikuu, presha au VVU njiani, wakanyamaza.

Ndugu yangu, usinyamaze. Siku ileile ya kufika kituo cha mapokezi, kabla hata hujaulizia blanketi, mwambie mhudumu wa afya unatumia dawa gani na umezikosa tangu lini. Tiba ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi 6. Ukiiacha kwa sababu kikohozi kimetulia, vijidudu vinaweza kuwa sugu, na watoto unaolala nao chini ya turubai moja wako hatarini. Wengine huogopa kwamba wakitaja VVU watarudishwa walikotoka. Si kweli. Uganda humtibu mkimbizi katika vituo vilevile vya serikali anavyotibiwa mwenyeji, bila malipo.

Kama bado uko ng'ambo na mizinga inasikika, weka kadi ya chanjo ya mtoto, daftari la hospitali na pakiti za dawa, hata zilizokwisha, katika mfuko mmoja wa plastiki. Ufunge kiunoni, maana mizigo hutupwa njiani. Pakiti tupu ina jina la dawa na nguvu yake. "Kidonge cheupe" hakimsaidii daktari.

Anayejidunga insulini asiiache juani. Chupa ndogo ndani ya chungu, chungu hicho ndani ya kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa maji, kivulini: hubaki na ubaridi hata pasipo umeme.

Sasa jambo zito. Mwanamke au mwanamume aliyebakwa njiani afike kliniki upesi, kwani dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Matibabu yatangulie, polisi baadaye. Na tafadhali, usimfanye mwanao mkalimani wa habari kama hiyo. Omba mkalimani mtu mzima, wa jinsia unayoitaka. Ukinikataa mimi, nitatoka nje nikuitie dada mwingine.