Re: Haidrojeni kwenye mabasi ya gesi, kaboni inapungua kiasi gani?

Ndugu, umeuliza kama basi la gesi asilia likichanganyiwa haidrojeni asilimia 18, kaboni nayo inapungua kwa 18. Hapana, na hapo ndipo wengi wanapigwa changa la macho. Hiyo 18 ni ya ujazo. Kwa ujazo uleule haidrojeni ina takriban theluthi moja tu ya nishati ya methani (ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia), kwa hiyo kwenye mchanganyiko huo inabeba kama asilimia 6 ya nishati yote. Kaboni ya ekzosi itapungua kwa takriban asilimia hiyo hiyo 6. Na mtungi ukijazwa kwa presha ileile, basi litaishiwa mapema zaidi.

Delhi, India, walianza majaribio ya mchanganyiko huu Oktoba 2020, mabasi 50, depo ya Rajghat. Haidrojeni haikununuliwa pembeni: gesi asilia yenyewe ilichakatwa palepale, sehemu yake ikageuka haidrojeni. Ujanja mzuri wa kiufundi, ila kaboni ya gesi iliyochakatwa haiyeyuki, ipo tu.

Faida ninayoiona mimi iko kwenye mwako. Moto wa haidrojeni unakimbia, hivyo injini inakubali hewa nyingi zaidi bila kumisi (kukosa kuwaka), na monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu, inashuka. Lakini fundi asiporudisha nyuma taimingi, yaani muda wa plagi kutoa cheche, oksidi za nitrojeni, ambazo nazo huchafua hewa, zitapanda. Mitungi ya chuma nayo ikaguliwe kwanza, maana haidrojeni hupenya chuma na kukitia nyufa. Mabasi yenu yana mitungi ya aina gani?