Skripti inayopita leo na kukwama kesho

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi nipo Wete na natunza tovuti ya nyumba moja ya wageni huko Nungwi. Wageni wanalalamika kwamba wakishachagua tarehe na kubonyeza "Hifadhi chumba", mara nyengine hakitokei kitu. Kwenye laptopu yangu haijawahi kukataa. Nimeandika skripti ya Python kwa Playwright (chombo cha kuendesha kivinjari kwa kodi) ibonyeze yenyewe, lakini leo inapita, kesho inakwama. Nimetia "sleep" (amri ya kungoja) ya sekunde 5, nikapandisha hadi 10, bado. Na je, niiunganishe na Chrome ninayoitumia kila siku?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Zitoe hizo "sleep" zote kabla hujasoma mbele. Sekunde 10 ni nyingi mtandao ukiwa mzuri, na hazitoshi ukiwa mbovu. Tena "time.sleep" ndani ya kodi ya asinkroni (ile inayoendelea na kazi nyengine huku ikingoja jibu) inasimamisha skripti nzima, pamoja na ile sehemu inayopokea habari za kivinjari.

Playwright inaipelekea Chrome ujumbe, na Chrome inajibu ikishakuwa tayari. Ndiyo maana kila amri inayosubiri jibu inataka "await" mbele yake. Ukiisahau, Python haikuzuii: inaendelea na mstari unaofuata, na onyo lake linapita kwenye dirisha la amri (terminal) bila ya wewe kuliona. Pitia faili lako mstari kwa mstari, maana huenda ipo "await" iliyosahauliwa.

Halafu sikiliza kwanza, bonyeza baadaye. Visikilizi vya "console", "pageerror" na "requestfailed" vinavyonasa ujumbe na hitilafu za ukurasa, viweke kabla ya "goto", amri ya kufungua ukurasa. Hitilafu iliyotokea kabla hujaanza kusikiliza imeshakupita. Anayefika Mkoani boti imeshaondoka hajui nani kashuka. Kwa kitufe chako andika hivi, ukibadilisha anwani iwe ya kwako:

async with page.expect_response("**/hifadhi") as habari:
    await page.get_by_role("button", name="Hifadhi chumba").click()
jibu = await habari.value
print(jibu.status)

Ikitoka namba 500, kasoro iko kwenye seva. Zikipita sekunde 30 bila jibu lolote, huenda kitufe hakikutuma kitu kabisa. Tazama "pageerror" imeandika nini.

Hilo la pili ndilo ninalolishuku. Mgeni anafungua ukurasa kwa simu, mtandao dhaifu, kitufe kinaonekana kabla JavaScript yake haijafika. Anabonyeza, na hakuna kinachomsikia. Laptopu yako ina mafaili hayo tayari kwenye kashe (akiba ya kivinjari), kwa hiyo huyaoni haya. Playwright nayo husubiri kitufe kionekane, kitulie na kiwe kinabonyezeka, lakini haina habari kama JavaScript imeshakishika.

Basi lete huo mtandao mbovu mezani kwako. Ukitumia Chromium (kivinjari ambacho Chrome imejengwa juu yake), fungua kikao cha kukipa amri moja kwa moja kwa "context.new_cdp_session", utume "Network.enable", kisha "Network.emulateNetworkConditions" yenye ucheleweshaji wa milisekunde 400 na baiti 50,000 kwa sekunde. Kwenye "goto" weka wait_until="commit"; ukiiacha ilivyo, itasubiri ukurasa upakie wote na kasoro itajificha tena. Hitilafu ikijitokeza, dawa yake iko kwenye ukurasa wenyewe: kitufe kiwe na "disabled" (kisibonyezeke) ndani ya HTML, na JavaScript iiondoe hiyo "disabled" ikishafika. Mgeni aliyekaa Nungwi akibonyeza asipate jibu hudhani vyumba vimejaa, na huyo mwenye nyumba anapoteza riziki yake.

Kuhusu Chrome yako ya kila siku, usifanye. Kuiunganisha kunataka Chrome ifungue mlango wa kuiendesha kutoka nje, kwa kawaida namba 9222, na anayeufikia anasoma vidakuzi vyako na kuingia popote ulipoingia wewe. Tangu toleo la 136 la mwaka 2025, Chrome yenyewe inaukataa mlango huo kwenye folda yako ya kawaida. Ifungulie folda nyengine kwa "--user-data-dir", na humo usiingie barua pepe wala benki.